Gari Lile Lilikuwa Langu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sikuandika ili niambiwe nivumilie, maana hilo nimeshaambiwa na dada yangu, na wifi yangu, na hata daktari wa meno, tena yeye aliniambia nikiwa nimeachama siwezi kumjibu. Dada yangu anasema funika kombe mwanaharamu apite. Mshauri, nimelifunika kombe hilo miaka thelathini na saba na mwanaharamu hajapita, amehamia kabisa, ana chumba chake.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka sitini na mmoja, na mume wangu ni karani mstaafu wa ofisi ya maji, mtu mwema, sisemi vingine, hanywi, hana makelele, na vyombo anaosha bila kuombwa. Ugomvi wangu naye ni gari. Si hili tulilo nalo sasa, hili aendeshe mpaka achoke, nazungumzia gari la kwanza, lile dogo la milango miwili, rangi ya maziwa yaliyoungua, ambalo nililinunua mimi kwa sindano yangu nikiwa na miaka ishirini na tatu, sijaolewa, simjui huyo bwana wala kivuli chake. Nilikuwa nashona sare za shule tatu, kaptula na sketi za marinda, nikizibeba kichwani furushi baada ya furushi, mpaka mwalimu mkuu mmoja macho yalipoanza kumsumbua akaamua kuacha kuendesha, akaniambia, "Binti, wewe ndiye mtu pekee hapa asiyechelewa, lichukue wewe gari hili, wengine wataliua." Akaniuzia.

Mshauri, hujui raha ile. Wanawake wa sokoni waliliita Kobe kwa sababu mlimani lilipanda likinung'unika na watoto wa shule wakilipita kwa miguu, lakini lilifika, halikuwahi kuniacha njiani isipokuwa mara nne tu, na hizo nne mbili zilikuwa kosa langu, nilisahau mafuta. Kiti cha nyuma kilijaa sare mpaka kwenye paa, na mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya ikachanganyika na petroli moyo unaniruka. Siku ya kwanza kumpakia mama yangu, Mungu amlaze pema, alikaa ameng'ang'ania kikapu kwa mikono miwili akanibembeleza, "Mwanangu, punguza mwendo." Nilikuwa bado sijaliwasha.

Na mlango wa dereva haukufunguka. Tangu siku ya kwanza. Fundi akasema kitasa chake hakipatikani tena, nikamwambia basi, nina miguu, nikawa naingia kwa mlango wa abiria, napita juu ya gia, nateleza mpaka kwenye usukani, na kutoka ni hivyo hivyo, na kwa kazi hiyo nikajishonea sketi tano pana ambazo mwanamke mwenye heshima zake angeweza kuruka nazo ukuta. Nilikuwa mwembamba, nilikuwa na gari, na nilikuwa sina bosi. Nilijiona mtu, mshauri. Sijawahi kujiona mtu kiasi kile tena, na siogopi kulisema.

Huyu bwana alikuja kwenye kibanda changu kugeuziwa kola ya shati iliyochakaa, ana baiskeli, na baiskeli yenyewe breki zake ni soli za viatu. Nikamgeuzia kola, akarudi na shati la pili, akarudi na la tatu ambalo kola yake ilikuwa mpya, hapo nikaelewa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni baada ya wanafunzi kuondoka, na yeye ndiye aliyegonga mlingoti wa goli mpaka ukapinda. Sasa kaa chini nikusimulie wanavyojua watoto wangu. Wanajua kwamba baba yao alinunua gari akiwa kijana, akamfuata mama yao kwa gari hilo, akamfundisha kuendesha kwa subira kubwa, na kwamba mama yao, mimi huyu, ndiye aliyegonga goli. Linasimuliwa kila sikukuu. Watoto wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nagawa chakula.

Ningeendelea kugawa chakula mpaka kufa, lakini kitindamimba wetu, binti anayefanya kazi maabara, mwezi uliopita amenunua gari lake la kwanza. Kwa jasho lake. Alikuja nalo nyumbani amekaa wima kama yuko kwenye mtihani, nikatoka nje na sindano mdomoni nikalizunguka mara tatu, nikalia, akadhani nimejichoma. Jumapili ijayo tumealikwa chakula kwa wazazi wa mchumba wake, mara ya kwanza familia mbili kukutana, na tutakwenda kwa gari hilo. Mume wangu akaanza, mezani, mchumba mwenyewe akiwepo: "Jumapili aendeshe kijana. Wewe ukae pembeni yake, wazee wasije wakatuona hatuna adabu. Hata mama yako nilipompeleka kwa babu yako mara ya kwanza niliendesha mimi, kwa gari langu, na yeye alikaa ametulia, mzee akampenda siku hiyo hiyo."

Binti akanitazama. Alinitazama mimi, mshauri, siyo baba yake.

"Mama, hukuona vibaya?"

"Nini?"

"Kukaa tu pembeni."

Nikamwambia, "Nisogezee chumvi."

Akanisogezea chumvi, halafu akasema, "Basi kama wewe hukuona vibaya, na mimi nitazoea." Akatoa ufunguo mfukoni, kijana akapewa, akaupokea anatazama sahani yake. Tangu siku hiyo sina usingizi wala hamu ya cherehani, nimekata sketi ya mteja nikaikata suruali.

Sasa kuna kipande sijakisema, na nikikiacha utanishauri kwa upofu. Siku ile ya kwenda kwa wakwe niliendesha mimi. Tulipofika yeye akatoka kwanza, maana asipotoka yeye na mimi sitoki, akasimama ameshika mlango, nami nikateleza juu ya gia nikatokea mlango huo huo. Baba mkwe alikuwa barazani. Alichokiona ni mwanawe ameshika mlango wa gari na msichana anatoka kiti cha abiria, akapiga kelele ya furaha, "Mwanangu umenunua gari!" Mchumba wangu akafungua mdomo, na nakuapia alikuwa anataka kukataa, mimi nikamtangulia: "Ndiyo, baba, na anaendesha taratibu sana." Niliogopa. Mzee alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba fundi cherehani mwenye pesa zake atamfanya mwanawe utingo, na mimi huyo kijana nilimtaka. Kuondoka tukangoja mpaka mzee alipokwenda kuoga, asinione nikishika usukani. Naye ameshafariki miaka kumi na minane.

Kwa hiyo niambie. Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya watoto wake. Nisiposema, binti yangu anaanza maisha kwenye kiti ambacho mimi sikukikalia hata siku moja. Kunyamaza sinyamazi, hilo nimeshaamua, usipoteze wino wako. Niambie tu nisemeje.

Ni mimi,
Mwenye Kobe

*

Mwenye Kobe mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nimekunja uso. Pole, mama. Mtu akikuchukulia pesa utapata nyingine, lakini siku zako za kujiona mtu hazina duka. Na mimi niliwahi kuwa na gari la kwanza, dirisha lake nililishikilia kwa kipande cha ubao, na atakayesema lilikuwa la kaka yangu atanitambua. Kwa hiyo usidhani unaongea na mtu asiyejua.

Haya, pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Umejaza kurasa mbili kumshitaki mumeo, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kufunga bomba, ndipo unaniambia kwamba maneno ya kwanza yalitoka kinywani mwako. Mumeo hakukuibia gari. Ulimpa, mbele ya baba yake, na hukumuuliza kama analitaka. Yeye alifungua mdomo kusema kweli na wewe ukamfunga. Alikuwa kijana wa baiskeli, baba yake anamshangilia kwa mara ya kwanza, na msichana anayempenda ameshamjibia. Ulitaka afanye nini? Tangu hapo amekaa ndani ya uongo wako, na kila mwaka akauongezea chumba ili akae vizuri. Uongo huo umeuzaa wewe, yeye ameulea. Ila lile goli la mpira ni lake peke yake, hilo hukumpa, na hilo alirudishe bila majadiliano.

Kingine ambacho umekiandika bila kukiona. Umesema kijana "akapewa" ufunguo. Hukusema aliomba. Umesema aliupokea akitazama sahani yake. Mama, huyo ni mumeo wa miaka thelathini na saba iliyopita, amekaa mezani kwako, ametwishwa gari la mwenzake na mzee anayemtazama, na hana pa kukataa. Mkimwacha, na yeye atazoea, na siku moja atawasimulia wajukuu zako jinsi alivyonunua yeye gari la binti yako. Usije ukamchukia kwa hilo, mtakuwa mmemfundisha ninyi.

Unasema unaogopa kumvua nguo mumeo. Mimi nasema mtu mzima anayeosha vyombo bila kuombwa hafi kwa aibu ya gari bovu la milango miwili. Baba yake, ambaye nyote wawili mlimwogopa, yuko kaburini miaka kumi na minane. Mnamficha nani sasa? Mnaomficha wamebaki watoto wenu wenyewe, na mmoja wao ndiye anayelipa.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumapili. Mwite mumeo kwenye kibanda chako cha ushonaji, mchana, wateja wakiwa wameondoka. Siyo sebuleni, sebuleni amezoea kusimulia. Usianze na "umenidanganya," maana atakukumbusha barazani kwa baba yake na atakuwa na haki. Anza na lako: "Siku ile nilisema uongo kwa sababu nilimwogopa baba yako na nilikutaka wewe. Nimechoka nao. Binti yetu anaufuata." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kunakuudhi, lakini hiki ni kimya cha dakika tano tu, siyo cha miaka. Akicheka, mwache acheke. Akikasirika, endelea kushona. Ninavyomsoma, mtu aliyeleta shati lenye kola mpya ligeuzwe kola hawezi kuwa mgumu kiasi hicho.

Mwambie amsimulie binti yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla Ijumaa haijaisha, na mlango ulioganda ausimulie, na baba yake barazani, na hofu yenu wote wawili. Akisimulia yeye, hajavuliwa nguo, amevua mwenyewe, na hiyo ni tofauti kubwa. Ijumaa ikipita kimya, msimulie wewe, mumeo akiwepo, bila kelele na bila kuongeza chumvi. Na ukimsimulia, usisahau kumwambia kwamba alipokuuliza ulimwomba chumvi. Binti yako anastahili kuombwa radhi kwa hilo zaidi ya mumeo.

Usithubutu kulifungua jambo hili Jumapili mezani kwa wakwe. Pale si mahakamani, na wale wazee hawakukukosea kitu. Tena ufunguo usimchukulie binti. Ninakujua, tayari mkono unawasha. Akishaujua ukweli, auombe mwenyewe kwa mchumba wake, na akiamua kwa hiari yake kwamba siku hiyo amechoka na kijana aendeshe, wewe panda nyuma ukae. Ulichonyimwa wewe ni kuchagua, na usije ukamnyima yeye hicho hicho kwa kumpenda.

Ila mimi nadhani atauomba, na nadhani kijana atapumua.

Kwa hiyo Jumapili mkifika, binti atashuka upande wa usukani, na wazee wakiguna waacheni wagune, hakuna aliyewahi kulazwa kwa mguno wa mkwe. Kisha mmoja wao atauliza, kwa furaha kabisa, gari hili zuri ni la nani. Hapo, mama, ujing'ate ulimi. Mumeo anyamaze. Kijana anyamaze. Mwacheni ajibu mwenye gari.