Uji kwenye Kibuyu cha Baba Mwende

Jumamosi, Agosti 1999

Bado moyo unanidunda. Leo wageni wameleta mahari ya Ndinda, dada ya mume wangu, pamoja na kaluvu, ile pombe yetu, na kila mwanaume wa boma lazima anywe. Mume wangu, Baba Mwende, pia. Na daktari alituambia wazi, dawa zake za kichwa na pombe hazikai pamoja. Akionja tu anaanza tena kusikia sauti za wale watu wake wasioonekana.

Basi nikamtilia uji wa wimbi kwenye kibuyu. Sikumwambia.

Baba mkubwa wake akamnyang'anya, akaonja, akatema. "Hii ni uji! Mutua, umerudi kunyonya?" Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitaka kukimbilia jikoni.

Baba Mwende akaniangalia, kisha akachukua kibuyu chake. "Ni uji, baba. Na kama umebaki, Mama Mwende aniongezee."

Nilimwongezea mpaka ukamwagika.

Lakini kaluvu haikuisha. Jerikeni moja imebaki kwa mama mkwe, hapo ng'ambo ya ua tu, na Baba Mwende anaitamani, anageukageuka kitandani. Mungu wangu, angalau tufike kesho tu...

Leo nitalala mimi upande wa mlango.