Mume Wangu Anamwimbia Keiko kwa Kijapani

Rissne, Stockholm

Dada yangu mpendwa Mghoi,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mlio hapo nyumbani Wundanyi. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anafukuza nyani shambani mwenyewe, au siku hizi amewaachia wajukuu? Jumapili ulipopiga simu nilisema sisi ni wazima nikaikata haraka, maana shemeji yako alikuwa ameketi karibu. Afya tunayo. Ila nina wivu, dada, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Unakumbuka Mwadime alivyonyamaza tangu mama mkwe wangu afariki naye akakosa kwenda kumzika. Alikuwa anaendesha basi lake, anarudi, anakula, anatazama ukuta. Gitaa lake la besi, lile alilopiga kanisani Voi, lilikaa nyuma ya kabati. Nilimbembeleza. Nilimpikia kimanga, nikaponda maharage kwa mihogo ya duka la Rinkeby. Nilimwimbia hata tenzi za mamake. "Asante, mama watoto," ananiambia, basi.

Mwaka huu akaanza kurudi na uso mwingine. Nilipomuuliza binti yetu baba yuko wapi, alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba baba yuko Farsta anajifunza kucheza. Kucheza! Kwa Kiswidi, kupiga ala nako huitwa kucheza.

Kumbe kuna dereva mwenzake, Mjapani anayeitwa Keiko. Amekusanya watu wazima wapenda muziki, wengi wao Waswidi, wanapiga nyimbo za kundi moja la kwao lililovuma sana zamani. Si kundi la kusimama na kuimba tu. Ni tarumbeta, besi inayorukaruka, wanaume wenye manyoya mabegani na rangi machoni, na katikati ya wimbo muziki unasimama, watu waigize kichekesho kwanza. Keiko anasema kwao kila mtu wa rika lake anazijua nyimbo zile, kama sisi tunavyojua nyimbo za harusi.

Alimwalika Mwadime apige besi. Halafu ikaonekana Waswidi wanajikwaa kwenye maneno ya Kijapani, lakini mtu aliyekua na Kiswahili anayatamka bila shida, maana silabi zao zinafanana na zetu. Akaandikiwa maneno kwa herufi hizi zetu, akayasoma kama gazeti. Wakampa wimbo wa taratibu, ule unaopendwa kuliko zote.

Akaniomba nimshonee suti nyeupe yenye kumetameta. Nilishona kwa furaha, dada. Nilimpima kifua huku anaimba, nikasema moyoni, mume wangu amefufuka.

Kisha nikaenda kutazama mazoezi. Keiko akatokea na shela kichwani. Katika kichekesho chao yeye ni bibi harusi na Mwadime ni bwana harusi! Akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono, akaimba akimtazama machoni. Na Keiko ni mzuri, sitakudanganya. Anacheka hata mabega yanacheka.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mimi hukunipigia magoti hata siku ya kunichumbia."

"Ni maigizo, Wakio."

"Basi igiza umesimama."

Alinitazama kidogo. "Unataka nisipige magoti?"

"Sitaki."

"Sawa," akasema. Ile sawa yake ya zamani.

Siku ya onyesho nilikaa safu ya mbele na wifi yangu mdogo, yule anayeuguza wazee Farsta. Ukumbi ulijaa. Nyimbo za haraka zilipita, watu wakacheza hadi vitini. Ukaja wimbo wa taratibu. Keiko akasogea na shela lake, akasubiri. Mwadime akabaki wima kama mlingoti. Muziki ukazunguka palepale, mpiga tarumbeta akamtazama mpiga ngoma. Halafu Keiko, sijui akili aliitoa wapi, akapiga magoti yeye, akambusu kiatu. Watu wakavunjika mbavu.

Mwadime hakucheka. Aliimba hadi mwisho akiangalia sakafu, na uso wake ulikuwa uleule wa kutazama ukuta.

Ndani ya treni akaniuliza, "Umeridhika?"

Wifi akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Wiki iliyofuata Keiko alipita kuchukua shela lililochanika, ambalo Mwadime aliniletea nilishone. Nilimkaribisha chai kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa kupenda. Nikamuuliza ule wimbo unasema nini. Akaniambia ni mtu aliyekosa kufika kwa wakati kwa mtu aliyekuwa akimsubiri, na sasa anaimba ili sauti imtangulie.

"Mwadime anajua?" nikauliza.

"Alinitaka nimfafanulie siku ya kwanza," akasema. "Alilia. Akaniambia habari za mama yake. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Na hapo, dada, wivu ulinishika vibaya kuliko siku ya shela. Magoti si kitu. Machozi yake mimi sikuyapata. Nilimpikia, nikamwimbia, nikamngojea, naye akaenda kuyamwaga mbele ya mgeni kwa lugha ya watu.

Mwadime aliporudi nilimwambia nimejua wimbo unasema nini. Alikaa. Nikamuuliza kwa nini si mimi.

"Wewe ulimpenda Mama," akasema. "Ningeanza mimi, ungelia na wewe. Nani angemnyamazisha mwenzake?"

Nikalia, akalia, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Chakula kiliungua.

Wana onyesho jingine Jumamosi. Nimemwambia apige magoti.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi nitaona wivu. Niachie, nimeshauzoea. Wewe imba."

Nisalimie Mama, na mume wako, na shangazi anayetuombea kila Jumatano. Mwambie mjomba fundi saa kwamba baridi ya huku bado haijaniua. Wanao uwabusu wote, hasa yule kitinda mimba niliyemwona kwenye picha tu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye wivu na mwenye mume,
Wakio