Foto Aliyoitaka Baba

Élisabethville, Juni 1954

Yaya Kunda mupendwa,

Niko muzima, na masomo inaendelea muzuri. Jioni nikitoka masomo ninapita kwa Amadi, mupiga foto wa hapa cité, mutaa wetu bantu beusi, ananifundisha kazi. Yaya, uso wa muntu ukitokea pole pole katika maji ya dawa, miye ninasahau hata kula! Sasa bantu bananiita "Fotografe".

Ni baba tu alikataa kupigwa foto. Tangu ulipoolewa na Nasoro na kuingia dini yake, hakutaja tena jina lako, unajua. Siku hizi anakohoa sana, amekonda, kazini haendi.

Jumapili alivaa koti yake ya kanisa, akaketi mbele ya nyumba, akaniita: "Chileshe, leta mashini yako."

Nilipokuwa tayari, akasema: "Ngoja. Leta kiti kingine, weka hapa karibu yangu."

"Cha nani, baba? Mama iko sokoni."

"Cha Kunda."

Kusikia jina lako nikafinya mashini mbele ya wakati, foto ya kwanza ikaharibika. Nikapiga ya pili. Nilipomuonyesha, aliiangalia sana, kisha akasema: "Mutumie. Umuambie aje na bwana yake. Nitabapokea."

Foto ni hii, ndani ya bahasha. Usishtuke ukiona vile amekonda. Lakini mukuje haraka, yaya, kikohozi hakitungojei.

Unisalimie shemeji Nasoro.

Mudogo wako,
Chileshe