Sijambo Yangu na Sindano ya Bega

Majengo, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu mikono, na magoti yako nayaulizia, yanaendeleaje na mvua hizi?

Najua habari zimenitangulia huko Mombasa, kwamba Zainabu kapasuliwa bega na mkono wa kulia umekufa. Aliyekuja kunitazama hospitali aliukuta kweli umelala kitandani kama wa mtu mwingine. Ilikuwa dawa ya ganzi, Mama. Walinichoma shingoni, wakaacha na kijimpira chembamba cha kuongezea dawa, maumivu yasinishinde. Lakini hata mimi nilidhani umekufa, nikalia. Nani atanikandia unga wa mahamri ya kuuza? Mume wangu Salimu unamjua, hata chai humshinda.

Daktari, kijana mpole, akasema atapunguza dawa mpaka apate kiasi cha kutuliza maumivu na kuacha vidole vicheze. Kila akipunguza huniuliza, "Mama, hujambo?" Nami niliyelelewa na wewe namjibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Akapunguza tena. "Hujambo?" "Sijambo." Bega linawaka moto, nami nimeuma shuka.

Sista wa wodi, mama wa Kisumu asiyeficha neno, akayaona machozi. "Wewe Zainabu, daktari anakupimia dawa kwa maneno yako, na wewe unaamkiana naye tu. Sema inauma." Nikasema. Daktari akacheka, akarudisha dawa kidogo, na kuuliza akaacha. Akaniambia nivute uradi kwa vidole huku yeye akinitazama uso. Nikaanza Subhanallah, kidole gumba kikapita pingili kwa pingili hadi mwisho, na bega kimya. Nikalia tena. Sista naye alilia, ingawa anasema ni mafua.

Sasa niko nyumbani. Kukanda bado nimekatazwa, kwa hiyo Salimu anakanda, mie namsimamia. Mahamri yake magumu, wateja wanakuja kwa huruma.

Nisalimie dada Mwanaisha anayekutunza, na shangazi aliyenifunza kupika. Haya ya mahamri ya Salimu shangazi asiambiwe, atakuja Nairobi mbio.

Basi Mama, bega linauma, hasa nikijigeuza usingizini, na nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti. Nimesema. Nawe ukinijibu, usiniandikie sijambo. Niambie magoti yanauma vipi.

Mwanao mwenye mikono miwili,
Zainabu