Antena Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Muturi,

Meza nimekutolea nje. Chai iko kwa thermos, viazi vitamu viko chini ya sahani.

Mimi nimetokea mlango wa nyuma. Asubuhi nikienda kukamua niliinua macho, nikaona soksi zako juu ya paa langu. Kwetu Bungoma mkwe hapandi nyumba ya mama mkwe. Najua hukujua, na umeleta redio za kuitana kwa sababu simu hapa Kiminini inasumbua. Lakini si ungemuuliza bibi yako kwanza?

~~Ng'oa hiyo antena urudi nayo Kitale.~~

Shuka tu. Ile antena fupi ya sumaku rudisha juu ya lori lako. Nyuma ya ghala kuna mti mrefu wa kujengea. Funga ile antena ndefu juu yake, kisha uusimamishe mbali na nyaya za stima. Redio moja iache hapa mezani, nyingine ibaki kwa lori.

Miaka saba tangu umuoe Nakhungu, tunasalimiana tukiangalia chini. Kwa redio hakuna kuonana. Niite jioni ukiwa barabarani. Nina maswali ya miaka saba, na nitaanza na hiyo soksi ya kushoto iliyotoboka.

Mama mkwe wako