Nyuma ya Lori la Madini

Nadine, mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia leo kwamba Jumapili unashindana kwa baiskeli huko Kolwezi. Hapa Ruashi sote tu wazima.

Kupitia kwake unauliza kama nasi tulijikinga upepo nyuma ya malori. Ndiyo. Katika mashindano ya ujana wangu, kwenye njia ya Likasi, nilikuwa nimeachwa nyuma, na nafasi ya kuchaguliwa kwenye timu ilikuwa inaniponyoka. Lori la madini likatupita. Mwenzangu Ilunga akalifuata, akaniita nije:

"Kuya, ndugu! Huku hakuna mupepo."

Nikaenda. Mbele niliona bati la lori tu, sikuona barabara. Nikajitoa kando.

Ilunga akacheka: "Weye iko na woga kama bibi-arusi."

Lori likakuta shimo, likafunga breki ghafla. Ilunga akaligonga kwa nyuma. Alipona, lakini hakupanda tena baiskeli. Mimi nilifika wa mwisho, nikiiona barabara yote.

Jumapili ukimaliza, nipigie simu wewe mwenyewe.

Babu yako, Kambo wako