Chumvi Kwenye Ethi

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwaga maji sakafuni, nimepima joto. Nyuzi kumi na tatu. Uyoga hautaki baridi hii. Mifuko ya mabua ya ngano imepangwa kwenye shelfu ya chuma, katika chumba alichokuwa analala shemeji kabla hajaoa, na yote imenuna. Nami nimenuna. Baridi ya hapa Nambis mwezi wa sita!

Mama mkwe amechungulia mlangoni. Anasema uyoga hujiotea mvua ikinyesha, mimi naulazimisha wa nini. Mbegu nimezifuata Babati mwenyewe. Zitaota.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi umeme amekuja kutoka Maretadu. Anaitwa Gwandu. Mpole, anaeleza mno. Ameiona hita niliyonunua mnadani, amecheka. Pini mbili, waya mwembamba. Ya kuotea miguu sebuleni, anasema, siyo ya chumba chenye maji. Imeniuma, lakini nimeitoa.

Anataka hita ya pini tatu. Taa zenye kioo cha kufunika, mvuke usiingie. Soketi yenye mfuniko, juu ukutani. Na breka maalumu, ile inayokata umeme yenyewe ukianza kuvuja. Vingine vipo mjini Mbulu. Breka hajaipata, mpaka aagize Arusha, wiki mbili au zaidi.

Uyoga hauna wiki mbili. Nimemwambia afunge vyote, breka itafuata. Amekataa. Nimembana. Amekataa tena. Nimembana mpaka kakubali. Mimi nikitaka kitu ni kupe.

Jumamosi, 8 Juni

Kazi imeisha. Nyuma ya nyumba Gwandu amegongomelea nondo ya shaba, akaifunga waya unaotoka ndani. Hiyo ndiyo ethi. Umeme ukivuja unateremka ardhini badala ya kupita kwa mtu. Udongo ni mkavu, kwa hiyo amechimba shimo kuizunguka akajaza mkaa na chumvi. Chumvi nyingi! Eti inashika unyevu, umeme unashuka vizuri.

"Bila breka, Mama Neema, ethi ndiyo mlinzi wako peke yake," amesema. "Zungushia miba leo leo, pasiguswe."

Nimesema sawa. Kesho.

Jumatano, 12 Juni

Nyuzi ishirini! Mifuko imeanza kuwa myeupe. Nimeimba peke yangu kama mwehu.

Mama mkwe naye kahamia humo. Kila asubuhi anaingia miguu mitupu, anasema joto linamwingia kwenye mifupa, na bomba la kunyunyizia kaninyang'anya. Uyoga wa kulazimisha sasa ni uyoga wetu. Haya.

Mchana nimemkuta ng'ombe wetu Kijivu nyuma ya nyumba akilamba udongo wa ethi. Nimecheka. Wenzake wanaswagwa mbali kufuata udongo wa chumvi, huyu ng'ombe kaletewa mlangoni. Nimemfukuza. Miba bado.

Jumanne, 18 Juni

Sikutaka kuandika leo. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi. Nilikuwa jikoni nazoa majivu. Nikasikia bomba la kunyunyizia likianguka. Mama hakupiga kelele. Nilipofika mlangoni alikuwa ameishika shelfu kwa mkono wa kulia, miguu kwenye maji, mdomo wazi, sauti hakuna. Nikamfuata nimkamate. Hatua moja. Sijui nini kilinizuia. Nikarudi mbio kwenye meni swichi, nikazima. Akaanguka.

Nilidhani hapumui. Kisha akapumua.

Ndani ya nyumba yangu. Katika chumba nilichokisifia kwa kila mtu.

Jumatano, 19 Juni

Hospitali. Daktari anasema moyo unapiga vizuri, lakini abaki waendelee kumwangalia. Kiganja kimeungua. Mama anatazama ukuta tu. Mama, ambaye hata usingizini anaongea.

Mume wangu Safari anafoka. Anasema Gwandu ni fundi wa kubahatisha, ethi yake ni ya bure, angemuua mama yake. Nimeitikia kwa kichwa. Namchukia Gwandu. Kumchukia kunanipa nguvu, ndio ukweli.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni.

Shimo la ethi limelambwa likawa sahani. Nyayo za ng'ombe kila mahali. Waya umeng'oka kwenye nondo, umelala pembeni.

Nilikaa chini palepale. Maji yaliingia kwenye hita, umeme ukavuja mpaka kwenye shelfu, mlinzi hakuwepo. Ukapita kwa Mama. Gwandu alifanya kazi yake. Miba ilikuwa kazi yangu. Haraka ilikuwa yangu. Ng'ombe nilimwona, nikacheka.

Kisha nikafanya kitu ambacho hata sasa siamini. Nikarudisha udongo kwa mikono, nikafukia, nikasawazisha kwa mguu. Nikaingia ndani nikanawa.

Sikujua kama mimi ni mtu wa hivi.

Jumapili, 23 Juni

Tumemtoa Mama hospitali jana. Leo kanisani kila mtu pole, pole. Safari anamweleza kila anayeuliza, na jina la fundi analitaja. Kuna watu wa Bashay walitaka Gwandu awafungie umeme nyumba nzima. Wameshamwita mwingine.

Amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Ameandika ujumbe: "Pole sana Mama Neema. Mama anaendeleaje? Naomba nije nione nilikosea wapi."

Nilikosea wapi! Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwambia Mama. Asubuhi, kabla uji haujapoa. Yote, na kufukia pia. Nikasubiri matusi.

Amesogeza kikombe kando kwa mkono wenye bandeji.

"Ng'ombe hakujileta," amesema.

Ni yeye. Kila alasiri nikiwa shambani alimfungua Kijivu akampeleka kwenye chumvi, kwa sababu maziwa yaliongezeka. Waya aliuona umetoka. Alidhani ni kamba tu ya kushikia kile chuma kisianguke. Ametambua hospitalini, siku ile Safari alipokuwa akifoka kuhusu ethi. Akageukia ukuta.

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Nyumba moja, wanawake wawili, kila mmoja kamtwika Gwandu kosa lake mwenyewe. Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumkumbatia. Nimemwongezea uji.

Safari tumemwambia jioni. Ametoka akaenda kusimama zizini.

Jumatano, 26 Juni

Maretadu. Tumeenda watatu.

Gwandu alikuwa nyumbani, siku ya kazi, amekaa kwenye kigoda anafuta koleo ambazo zilikuwa safi tayari. Alipotuona akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja moja kwa moja kwa Mama akainama.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumwona akiacha shikamoo bila jibu, hata ya mlevi. Gwandu akadhani hakusikia. Akarudia kwa sauti.

"Subiri, mwanangu," Mama akasema. "Kuna neno langu kwanza."

Akalisema. Hakulifupisha. Nami nikasema la kwangu, la haraka, la miba na la kufukia. Safari akasema atakwenda Bashay mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kulisafisha jina la fundi. Gwandu alikuwa anautazama mkono wenye bandeji. Kuku wakapita katikati yetu.

Kisha Gwandu akainama tena, akamwamkia mara ya tatu.

Mama akaitikia, marahaba.